Kupima TB kwa wahudumu wa afya Kwale: pesa itangulie wapi

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia kituo cha afya kusini mwa Pwani ya Kenya: matroni wa hospitali Msambweni, mwenye kliniki ya kulipia Diani, afisa wa kliniki aliyeachiwa zahanati karibu peke yake kule Ndavaya au Mwangulu. Ni wako pia wewe muuguzi, mtu wa maabara au mfagiaji wa wodi ambaye hujawahi kuulizwa kama umepimwa. Swali lake ni la pesa. Kituo kina fungu dogo la kuwakinga wafanyakazi na kifua kikuu. Fungu hilo liende wapi kwanza ili waugue wachache zaidi?

Jibu langu nalitoa mapema, ili ukilipinga ujue unapinga nini. Shilingi ya kwanza iende kwenye hewa na kwenye kumtambua mgonjwa akiwa bado yuko kwenye benchi. Ya pili iende kwenye dawa ya kinga. Kipimo cha maambukizi kifanywe mtu anapoajiriwa, kisha kirudiwe pale anapokuwa amekaa karibu na mgonjwa aliyegunduliwa kwa kuchelewa. Kuwapima watu wote kila mwaka, huku hakuna dawa ya kumpa atakayekutwa na maambukizi, ni kununua karatasi za majibu.

Kuambukizwa na kuugua ni mambo mawili

Pesa nyingi hupotea kwa kuchanganya mambo haya, kwa hiyo tuyatenganishe kabla ya kufungua daftari la hesabu. Mtu akivuta hewa yenye vimelea vya TB, mara nyingi mwili huvizuia. Vinabaki hai lakini vimelala. Mtu huyo hakohoi, hapungui uzito, hamwambukizi yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa hivyo. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 wataugua wakati fulani maishani, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Mwenye HIV hatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi, na mwenye kisukari naye yuko juu ya wengine.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na kila moja ina gharama yake. Kumtafuta mgonjwa hufanywa kwa maswali, X-ray na makohozi kwenye mashine ya GeneXpert. Kutafuta vimelea vilivyolala hufanywa kwa kipimo cha ngozi au cha damu. Kipimo cha ngozi hakiwezi kukwambia kama muuguzi wako anaumwa leo. Nimesikia wasimamizi wakisema "sisi tunapima TB" wakimaanisha moja ya kazi hizi huku wakidhani wamefanya zote mbili. Muulize wa kwako anamaanisha ipi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu 558 wenye TB katika kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, na ukakadiria kwamba karibu wanne katika kila kumi hawakuwa wamefikiwa na huduma. Sehemu kubwa ya waliogunduliwa walikuwa hawajakohoa kwa wiki mbili. Picha ya X-ray ndiyo iliyowafichua. Fikiria maana yake kwa anayefanya kazi Ukunda au Kinango. Mgonjwa wa kliniki ya TB ambaye ameshameza dawa kwa wiki kadhaa si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni yule aliyekaa saa tatu kwenye foleni ya kawaida, anayetibiwa malaria au "kifua cha baridi" kwa mara ya pili, katika chumba kilichofungwa madirisha.

Muuguzi mmoja akiugua, nani analipa?

Dawa za TB katika vituo vya umma ni bure, na ndiyo maana wengi husema ugonjwa huu hauna gharama. Chukua kalamu. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita. Muuguzi hatakiwi kuwa karibu na wagonjwa mpaka ithibitishwe kwamba haambukizi tena, na hilo ni wiki kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Zamu zake lazima zizibwe na mtu mwingine. Wagonjwa aliowahudumia watafutwe: watoto wachanga wa wodi ya uzazi, watu wa kliniki ya HIV, wazee waliolazwa. Watoto wake nyumbani wachunguzwe. Kama TB yake ni sugu kwa dawa, matibabu huwa mazito zaidi na huweza kuwa marefu.

Sasa tazama upande wake yeye. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Watumishi wa serikali wa kudumu wana masharti mapana zaidi. Lakini msichana aliyeajiriwa kwa mkataba mfupi katika kliniki ya Diani, na mfagiaji aliyeletwa na kampuni ya usafi, mara nyingi hawana zaidi ya hicho kiwango cha chini. Siku 14 dhidi ya ugonjwa wa miezi sita. Uchunguzi wa gharama uliofanywa nchini mwaka 2017 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya familia zenye mgonjwa wa TB zilipoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka kwa ajili ya ugonjwa huo. Kwa TB sugu, ni zaidi ya familia nane katika kila kumi. Mhudumu wa afya ana familia kama hizo hizo.

Ukishaandika mistari hiyo yote na kuijumlisha kwa bei za hapo kwako, una tarakimu moja ya kuiweka juu ya ukurasa: gharama ya mfanyakazi mmoja kuugua. Kila kinga unayofikiria kuinunua ilinganishwe na tarakimu hiyo.

Vipimo viwili, na jua la Pwani

Kipimo cha ngozi, wengi wanakiita Mantoux, ni sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono, halafu uvimbe unapimwa baada ya saa 48 hadi 72. Unaopimwa ni uvimbe mgumu unaoguswa kwa kidole, si wekundu, na unapimwa kwa upana wa mkono, si kwa urefu. Kwa mhudumu wa afya, milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa ana maambukizi. Kwa mwenye HIV ni milimita 5. Udhaifu wake unaotajwa mno ni kwamba mtu lazima arudi kusomwa. Kwa mgonjwa wa kutoka Lungalunga, kurudi ni nauli na siku nzima. Mfanyakazi wako anarudi mwenyewe kwa sababu ana zamu. Choma Jumatatu, soma Jumatano au Alhamisi, na usimchome anayeingia likizo kesho yake. Udhaifu wa pili ni chanjo ya BCG, ambayo inaweza kuleta uvimbe wa uongo. Lakini BCG iliyotolewa utotoni, kama ilivyo kwa wengi wetu, athari yake kwenye kipimo hiki hufifia sana baada ya miaka kumi. Usikubali kipimo cha ngozi kikataliwe kwa sababu hiyo peke yake.

Kitu kimoja ambacho watu huruka: anayeanza kazi kwa kipimo cha ngozi apimwe mara mbili, ya pili wiki moja hadi tatu baadaye kama ya kwanza haikuonyesha kitu. Mwili ulioambukizwa zamani huweza kusahau, ukakumbushwa na sindano ya kwanza. Usipofanya hivyo, mwakani atatoa uvimbe na mtadhani ameambukizwa wodini, mkaanza kumsaka mgonjwa ambaye hayupo.

Kipimo cha damu hakihusiani na BCG na hakimtaki mtu arudi kusomwa mkono. Ni kizuri, na kwa bei ya maabara za kulipia ni maelfu ya shilingi kwa mtu mmoja. Tatizo lake kwetu ni njia na joto. Tyubu za kipimo cha QuantiFERON zinatakiwa kuingia kwenye mashine ya kutunzia joto la nyuzi 37 ndani ya saa 16 tangu damu kutolewa, na kabla ya hapo zisikae kwenye joto linalozidi nyuzi 27. Mchana wa Februari, joto la Msambweni linapita hapo bila shida. Sampuli inayotoka Kinango au Vanga kwenda Mombasa, ipite kivuko cha Likoni au Dongo Kundu, haifai kuachwa kwenye buti la gari au juu ya dashibodi. Kabla ya kusaini mkataba na maabara yoyote, uliza mambo matatu: mashine hiyo iko wapi, nani anabeba sampuli, na ikifika imechelewa nani analipia kuirudia. Wasipojibu la tatu kwa maandishi, jibu ni wewe.

Vipo pia vipimo vipya vya ngozi ambavyo havichanganyi na BCG. Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2022. Vikifika kwetu kwa bei nafuu, hesabu inayofuata itabadilika, basi irudie.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kituo cha mfano chenye wafanyakazi 40, na tuseme nusu yao wana vimelea vilivyolala. Tarakimu hizi ni za kufanyia mazoezi tu. Weka za kwako. Dawa ya kinga ya wiki 12, inayochanganya rifapentini na isoniazidi, ilikuwa ghali mpaka Oktoba 2019, kampuni ya Sanofi ilipokubaliana na Unitaid na Mfuko wa Dunia kuishusha kutoka dola 45 hivi hadi dola 15 kwa matibabu yote ya mtu mmoja. Dola 15 ni karibu shilingi 2,000.

Watu 20 wenye maambukizi, bila kufanyiwa chochote, mmoja au wawili wataugua maishani. Dawa ya kinga ikimezwa mpaka mwisho inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Dawa za watu 20 ni shilingi 40,000. Kama kipimo cha damu ni shilingi 5,000, kuwapima wote 40 ni shilingi 200,000. Angalia jambo hili vizuri: kipimo kimekula mara tano ya pesa iliyokwenda kwenye kinga yenyewe.

Hapo mtu mwenye akili ya biashara atauliza: kwa nini tusiwape wote 40 dawa bila kuwapima, kwa shilingi 80,000? Swali hilo ni halali. Kihesabu, ambapo nusu ya watu wana maambukizi, kupima kunaokoa pesa ikiwa tu bei ya kipimo iko chini ya nusu ya bei ya dawa. Lakini mimi silikubali. Watu 20 wasio na maambukizi wangemeza dawa inayoweza kusumbua ini, wasipate faida yoyote, ili kituo kipunguze matumizi. Wataalamu hukubali kuruka kipimo kwa watu wenye HIV na kwa watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa, kwa sababu kwao hatari ya kuugua ni kubwa mno. Kwa mhudumu mwenye afya njema, kipimo ni haki yake kabla ya dawa. Kinachobaki ni kutumia kipimo kinachoendana na mfuko, na kwa vituo vingi vya Kwale hicho ni cha ngozi.

Sasa mwaka wa pili. Aliyekutwa na maambukizi hapimwi tena, kamwe. Kipimo chake kinaweza kuendelea kuonyesha hivyo hata baada ya dawa, na kukirudia ni kutupa pesa. Wanabaki 20. Ukiwapima tena kwa damu umetumia shilingi 100,000. Tuseme mmoja ameambukizwa ndani ya mwaka. Kwa kuwa watu kumi hadi ishirini walioambukizwa ndio wanaotoa mgonjwa mmoja, utahitaji kurudia zoezi hilo miaka kumi hadi ishirini, kwa shilingi milioni moja hadi mbili, ili kuzuia mgonjwa mmoja. Na kipimo chenye makosa machache, kikirudiwa kila mwaka kwa watu wasio na kitu, huzaa majibu ya uongo, na kila jibu la uongo ni X-ray, hofu na dawa isiyohitajika. Marekani ilifikia hapo: Mei 2019 mamlaka zake za afya ziliacha kupendekeza kipimo cha kila mwaka kwa wahudumu wote, zikabakiza cha wakati wa kuajiriwa na cha baada ya kukutana na mgonjwa. Sisi tuna TB nyingi kuliko wao, kwa hiyo wafanyakazi wa maabara, kliniki ya TB na wodi za watu wazima wanaweza kustahili kurudiwa kila mwaka. Karani wa malipo, hapana.

Afrika Mashariki imewahi kuufundisha ulimwengu hesabu za namna hii. Mpango wa taifa wa Tanzania ulioanza mwaka 1977, Dk. Karel Styblo akiwa mshauri wake mkuu, ulionyesha kwamba kuwatafuta wagonjwa wa TB na kuhakikisha wanamaliza dawa ni miongoni mwa matumizi bora kabisa ya pesa ya afya katika nchi maskini. Kilicholeta faida kule ni mgonjwa aliyepatikana akapona, na kanuni hiyo haijabadilika.

Upepo hauna ankara

Nimeacha makusudi kinga ya bei rahisi kuliko zote ije hapa, kwa sababu ndiyo ningependa ufanye wiki hii.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali nane za Lima, Peru. Watafiti walipima hewa ya chumba hubadilika mara ngapi kwa saa. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo maalumu ya kuingiza na kutoa hewa vilipata mara 12. Majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yalifanya vizuri kuliko mapya.

Sisi tuna kusi na kaskazi karibu mwaka mzima. Tazama tumefanya nini nao. Katika kliniki nyingi mpya za ukanda wa hoteli, chumba cha daktari kina kiyoyozi, dirisha halifunguki, na kiyoyozi chenyewe kinazungusha hewa ile ile. Mgonjwa anakohoa hapo dakika kumi, anatoka, anaingia mwingine, na daktari yuko ndani tangu asubuhi. Katika zahanati za bara ya kaunti madirisha yapo ila yamezibwa na makabati, rekodi za zamani au pazia zito. Kuhamisha kabati ni bure.

Kwa hiyo tembea kituo chako na ujiti wa udi uliowashwa. Moshi ukisimama katikati ya chumba, hapo ndipo wafanyakazi wako wanapoambukizwa. Fungua pande mbili zinazotazamana. Panga kiti cha mhudumu upande upepo unakotokea, na cha mgonjwa upande unakoelekea, na ukumbuke kwamba kusi ikigeuka kaskazi viti vinabadilishana. Benchi la kusubiri litoke ndani liende barazani chini ya paa la makuti au mabati. Anayekohoa apewe barakoa na apitishwe mbele ya foleni. Watu watalalamika, waelezwe. Makohozi yatolewe nje uwanjani, si chooni. Kama lazima kiyoyozi kiwepo, kizimwe na dirisha lifunguliwe baina ya wagonjwa wanaokohoa. Barakoa za N95 ziwekewe wale wanaokaa na wagonjwa wa TB na wanaoshughulikia makohozi. Ukizigawa kwa kila mtu zitaisha kabla ya mwezi kwisha na wanaozihitaji watakosa.

Hatua hizi zinamkinga aliyepimwa na asiyepimwa. Hakuna kipimo chenye uwezo huo.

Majibu yakitoka

Aliyekutwa na maambukizi aulizwe kwanza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na apigwe X-ray ya kifua. Mpaka ithibitishwe kwamba haumwi, asipewe dawa ya kinga, kwa sababu dawa moja au mbili kwa mtu mwenye TB kamili hufundisha vimelea usugu. Akiwa mzima, ana hiari ya kuchagua. Dawa ya wiki 12 inamezwa mara moja kwa wiki, dozi 12 tu. Isoniazidi peke yake ni kila siku kwa miezi sita, na wengi huiachia njiani. Panga siku moja ya kituo kizima, kwa mfano Ijumaa asubuhi kabla ya zamu, ili wanaomeza wakumbushane.

Wauguzi wengi ni wanawake, kwa hiyo sema wazi: rifapentini inapunguza nguvu za vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi, na mjamzito hapewi dawa hiyo. Mwenye HIV ahakikishe daktari wake ameiangalia dawa hiyo pamoja na ARV. Mkojo kuwa mwekundu si ugonjwa. Macho ya manjano, kichefuchefu kisichokoma na maumivu chini ya mbavu za kulia ni sababu ya kuacha na kurudi siku hiyo hiyo. Pombe, mnazi ukiwemo, iachwe mpaka dawa iishe.

Halafu faili. Jibu la kipimo ni siri ya mfanyakazi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti. Faili hiyo ikae kwa anayesimamia afya ya wafanyakazi, isiwe kwenye kabati la masjala. Sheria ya HIV ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima HIV ili apate kazi, na usiitumie TB kama mlango wa nyuma. Asiyepaswa kukosa kusikia hili ni mwenye kliniki: mwenye vimelea vilivyolala haambukizi mtu. Kumnyima kazi kwa sababu hiyo ni dhuluma, na ni ujinga wa kibiashara vilevile, maana ukiwafukuza nusu ya waombaji utabaki na nani?

Wewe mfanyakazi, nakala ya kipimo cha siku ya kwanza ina thamani zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inafidia pia magonjwa yanayotokana na kazi. Aliyeingia akiwa hana maambukizi, kisha akakutwa nayo baada ya kuhudumia wodi, ana ushahidi. Asiye na karatasi ya mwanzo ataambiwa aliyapata nyumbani au kwenye matatu ya Likoni. Iombe nakala, uiweke mbali na kituo.

Wanaosahaulika

Orodha ya kupimwa huandikwa kutoka kwenye daftari la mishahara, na hapo ndipo kosa linapoanza. Wanafunzi wa chuo cha KMTC Msambweni wanashinda wodini kwa miezi na hawamo kwenye mishahara. Wafagiaji wameajiriwa na kampuni ya nje. Mlinzi wa geti ndiye anayekaa na wanaokohoa usiku wakisubiri kufunguliwa. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hatari iliongezeka kadiri saa za kukaa chumbani na wagonjwa zilivyozidi. Basi panga orodha kwa saa, si kwa cheo.

Kuna na wahudumu wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 nchini waliozinduliwa rasmi na serikali Septemba 2023. Hao ndio wanaoingia nyumba za Waduruma na Wadigo kufuatilia waliokaa na mgonjwa, kwa posho ndogo, mara nyingi bila barakoa. Wakiugua hawana zamu ya kuzibwa, ila kijiji kizima kinabaki bila mtu wa kukifuatilia. Wakutane na mgonjwa nje, chini ya mti, na wawe wa kwanza kwenye dawa ya kinga wanapohitaji.

Baada ya mfanyakazi kukaa na mgonjwa aliyekuwa hajagunduliwa, apimwe mara moja, na kama hana maambukizi, arudiwe wiki nane hadi kumi baadaye. Kabla ya hapo mwili unaweza kuwa haujajibu.

Pesa yenyewe

Hospitali ya rufaa ya Msambweni na hospitali nyingine za umma zina mlango ambao hazikuwa nao zamani: Sheria ya mwaka 2023 ya kuboresha fedha za vituo inaruhusu kituo kubaki na kile kinachokusanya na kukitumia. Kipimo cha ngozi kwa waajiriwa wapya kinaweza kuingia kwenye mpango huo bila kusubiri mfadhili. Na si vizuri kumsubiri. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kila aliyefanya kazi ya TB nchini aliona jinsi shughuli zilizotegemea pesa hiyo zilivyotikisika ndani ya siku chache. Dawa ya kinga iulize kwa mratibu wa TB wa kaunti ndogo yako. Mfanyakazi aliyekaa na mgonjwa ni sawa na mtu mwingine yeyote aliyekaa na mgonjwa, na huhesabiwa hivyo.

Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Kama yako ipo kwa jina tu, ifufue kwa ajenda moja, hii. Kituo kidogo kiungane na jirani zake. Zahanati tano za Msambweni na Lungalunga zikinunua dawa ya kipimo kwa pamoja na kuwachoma wafanyakazi siku moja, chupa iliyofunguliwa haitamwagwa ikiwa nusu.

Halafu iandikie kaunti, kwa kalenda ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kabla ya Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Barua inayofika Mei hujibiwa kwa pole. Andika ukurasa mmoja tu: gharama ya mfanyakazi mmoja kuugua, idadi ya wafanyakazi kwa saa wanazokaa na wagonjwa, bei ya kipimo, bei ya dawa, na madirisha mangapi tayari umeyafungua bila kuomba hata shilingi. Upeleke Kwale mjini kwa mkono, ugongewe muhuri wa kupokelewa, na uhudhurie kikao cha maoni ya wananchi ukiwa na nakala.